Kuku mgeni na kamba yake mguuni

(Mazungumzo niliyotoa kwa wafugaji wenzangu hapa Pongwe, Tanga, nimeyaandika kama nilivyoongea)

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nao karibuni sana. Sogeeni kivulini jamani, hilo tenga liacheni hapohapo chini ya mwembe, kuku wakishatulia tutawahitaji baadaye.

Sote tumekua na ule msemo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na ni kweli, ukinunua kuku pale Mgandini ukafika naye nyumbani kitu cha kwanza bibi anaulizia kipande cha kamba, katani si tunayo, anamfunga mguu mmoja kwenye mti siku tatu nne mpaka azoee asirudi alikotoka. Wazee walikuwa na sababu, kuku akitoroka kwa jirani ni ugomvi. Lakini mimi siku moja nilikaa kibarazani nikamwangalia kuku aliyefungwa vile kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nikasema hapana. Wenyeji walikuwa wanamjia mmojammoja, wanamdonoa upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, na yeye anakimbia kuuzunguka mti, kila akizunguka kamba inapungua, mwisho mguu umebanwa kwenye shina na kichwa ameficha chini. Kuku mgeni hana kitu kingine cha kujiokolea zaidi ya kukimbia na ndo hicho tumemnyang'anya. Na muda huohuo anakunywa kwenye beseni la wenzake, anakunya palepale wanapochakura. Tumemfunga kuku, ugonjwa tumeuacha unatembea uani.

Hilo nimelipata kwa kuumia. Nilikuwa na kuku 31, kienyeji wazuri wa miaka, na kishingo wangu mmoja mwekundu, yule tetea asiye na manyoya shingoni, ambaye alikuwa anatotoa vifaranga 11 au 12 bila shida. Karibu na Idi nikapata matetea sita bei ya chini mno, muuzaji hana hata habari ya kuvutana bei, nikafurahi. Jioni nikawaingiza bandani na wengine. Siku ya tano asubuhi mgeni mmoja amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi kijani. Siku ya saba shingo za wengine zimeanza kupinda, kuku anatembea kinyumenyume kama kasukumwa. Mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita kideri. Kufika wiki mbili nimebaki na wanne, kishingo hakuwemo. Nilichimba shimo mwenyewe nyuma ya banda, watoto wananiangalia, na mimi kusema kweli nililia.

Baadaye ndo nikaja kuelewa ile bei. Mdondo ukiingia kijijini watu wanawahi kuuza kabla kuku hawajafa, si kwamba wote wana roho mbaya, ni umaskini, mtu anaokoa chochote. Kwa hiyo kuku wanaokuja sokoni wengi kwa mpigo na bei imeshuka ghafla, wewe kaa mbali nao kabisa, hata kama mfukoni inakuuma. Kuku anaweza kuwa nao mwilini siku 2 mpaka 15 anadonoa vizuri anawika vizuri na huoni kitu. Ndo maana kumwangalia tu kwa macho sokoni ukasema huyu mzima haitoshi.

Sasa nifanyeje? Mimi mgeni wangu anakaa peke yake siku 30. Najua mtasema nyingi. Siku 21 ndo kidogo kabisa, mimi nakwenda mpaka 30 kwa sababu kuna mafua makali yale ya kuvimba uso na kutoa harufu mbaya puani, na kuna homa ya matumbo, kuku anaonekana amepona kabisa lakini anaendelea kuibeba na kuwagawia wenzake, siku zikiwa nyingi na kuku ana uchovu wa kuhamishwa mara nyingi inajitokeza ukaiona. Kizimba si lazima kiwe cha gharama, milingoti ya mkonge, wavu, makuti juu, chini mwaga pumba za mpunga au maranda. Kiwe mbali na banda kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na angalieni upepo, wakati wa kusi weka wageni upande wa kaskazini, kaskazi ikianza wahamishie kusini, ili vumbi na manyoya yao yasipeperuke kuja kwa wenyeji. Halafu kila siku anza kuhudumia kuku wako wa zamani, wageni mwisho, na ukitoka kwa wageni nawa mikono kwa sabuni ubadilishe ndala. Ndala zile za kwa wageni ziache mlangoni kwao. Beseni la maji la kwao, kopo la chakula la kwao, fagio la kwao. Kinamama hapa mnanielewa, ni kama nyumba yenye mgonjwa wa kuhara, kikombe chake hakichanganywi.

Siku ya kwanza mshike mgeni umkague taratibu, jioni akiwa ametulia. Mimi naanza na kichwa. Kuzunguka jicho na chini ya upanga unaweza kuona vidoa vyeusi vidogovidogo vimeganda, ukipitisha kidole havitoki, hao ni viroboto, siyo uchafu, huku pwani wamejaa. Hao paka mafuta ya mgando, Vaselini au mafuta ya nazi yaliyoganda, yanawaziba wanaachia, ila usiingize jichoni. Kisha geuza kuku, puliza manyoya chini ya mkundu na chini ya bawa, chawa utawaona wanakimbia na mayai yao yamegandana kwenye vikonyo vya manyoya. Miguu nayo, magamba yakiwa yameinuka kama gome la mti mkavu kuna wadudu chini yake. Utitiri ndo wajanja, mchana hawapo mwilini kabisa, wamejificha kwenye nyufa za tenga na milingoti, wanatoka usiku kunyonya, kwa hiyo tenga lililokuja na kuku likae nje juani, lisiingie bandani. Dawa ya minyoo unampa, dawa ya unga ya wadudu unampaka, muulize afisa mifugo wa kata kipimo usikisie.

Chanjo ya mdondo nimeulizwa sana kuanzia jana. Ya I-2 inatengenezwa hapahapa Tanzania na inavumilia joto kuliko za zamani, ila kuvumilia si kwamba unaiacha kwenye dashibodi ya bodaboda, ifunge kitambaa kibichi uweke kivulini. Tone moja jicho moja, kila miezi mitatu. Na kinga haiji siku hiyohiyo, hesabu kama wiki mbili. Kwa hiyo wachanje wenyeji kabla hujaenda kununua, na wageni wapumzishe siku chache wale wanywe uwaone wazima ndo uwachanje. Kuku ambaye tayari anaumwa chanjo haimponyi, chanjo siyo dawa.

Kuna mtu nyuma anauliza atajuaje siku 30 zimetosha. Swali zuri sana. Mimi kwenye wiki ya tatu nachukua kuku mmoja wangu, yule ambaye roho haitaniuma sana, namweka kizimbani na wageni siku 10 mpaka 14. Akibaki mzima mimi napata amani. Akiugua nimepoteza mmoja, sikupoteza banda zima.

Haya, afya imepita, sasa ndo tunafika kwenye ngumi. Kuku wana daraja zao, nani ale kwanza, nani alale kijiti cha juu. Kuna Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, toka mtoto alikuwa anakaa na kuku anaandika nani kamdonoa nani, miaka ya 1920 akachapisha, na aliona kwamba kila kuku anawajua wenzake mmojammoja na anajua yupi wa kumpisha. Wanajuana kwa kichwa na upanga. Mgeni ni uso usiojulikana, akiingia daraja zote zinatikisika, na hata wale wa chini ambao siku zote ndo wanaopigwa wanapata nafasi ya kumpiga mtu, wao ndo mara nyingi wakali zaidi.

Kwa hiyo waonane kwanza bila kugusana. Kizimba kisogeze kando ya banda, wavu katikati, wiki moja mpaka mbili. Siku ya kwanza utaona tetea mwenyeji anakuja mpaka kwenye wavu, ananyanyua manyoya ya shingo mpaka anakuwa kama ufagio, anasimama mrefu, anamtazama mgeni kwa jicho moja halafu anageuka anamtazama kwa jingine. Mgeni akiinamisha kichwa na kupiga hatua nyuma, basi, yule mwenyeji anajitikisa anakwenda zake. Wameshazungumza. Mwaga mtama pande zote mbili za wavu wale pamoja, siku wakila bega kwa bega hamna anayehangaika na mwenzie ndo fungua.

Fungua mchana wakiwa uani penye nafasi, siyo ndani ya banda. Usiingize mmoja peke yake, angalau wawili watatu, kipigo kinagawanyika. Vyombo vya chakula ongeza, kama viwili viwe vinne na viwe mbalimbali, maana mdogo akifukuzwa huku akale kule. Egemeza makuti na matawi ukutani apate pa kujificha penye njia mbili za kutokea, pembe isiyo na mlango wa nyuma ni mtego. Na hapa kamba nairuhusu, funga fungu la mchicha au matembele ulitundike juu kidogo ya vichwa vyao, waruke walidonoe, wanasahau ugomvi nusu saa nzima. Badilisha na vijiti vya kulalia ndani ya banda ili hata wenyeji waingie waone pageni.

Ile ya kuwaingiza usiku wakilala, inasaidia, kuku gizani haoni vizuri, lakini peke yake haitoshi, alfajiri wanafumbua macho wanaona mgeni. Ukiifanya basi amka kabla ya adhana uwafungulie.

Kudonoana siku kadhaa mpaka wiki ni kawaida, usiingilie kila kelele. Damu ndo usiiache hata dakika tano, kuku wakiona wekundu wanazidi kudonoa palepale. Mtoe, msafishe, mpake GV, ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau, inaficha wekundu. Na kama kuna mbabe mmoja anayewasumbua wote, mtoe yeye, siyo anayepigwa. Mfungie siku tatu nne, akirudi anakuta wageni wameshajipanga na yeye anaanza chini. Hii imenisaidia kuliko kitu chochote.

Mapora na tembe, yaani majogoo na matetea machanga, msiwachanganye na wakubwa mpaka walingane umbo, na mwenye kuchi awe mwangalifu mara mbili, yule ni wa kupigana kwa asili, jogoo wa kuchi na jogoo wa kienyeji watauana kweli. Na mgeni anaweza kuacha kutaga wiki kadhaa, msimchinje mkasema mmeuziwa tasa, ana uchovu tu, mpe muda na dagaa kidogo na maji ya baridi hasa hii jua ya Januari.

Nimeongea sana. Haya, fungueni tenga tuchanje, wale wa siku ya 8 toka wafike ndo hao, wazima. Shangazi njoo wewe uwe wa kwanza. Mshike mabawa yote mawili kwa mkono wa kushoto, mlaze kifuani kwako asihangaike, kichwa mgeuze jicho litazame juu. Chupa wima, isiguse jicho. Tone moja. Usimwachie bado, subiri apepese... mmeona, amepepesa. Mwachie. Mwingine nani?