Orodha Haijui Undugu

Asanteni. Wengine hapa mlishanisikia kwenye jambo hili, kwamba jedwali la hifadhi halitoshi na inabidi kuchora picha ya nini kinategemea nini, na kule nyuma naona mtu ameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Cheka tu. Nitalisema tena kwa sababu kila nikikaa na watu wa hifadhi ya data ya meinfremu, zile kompyuta kubwa za mabenki na serikali, kitu cha kwanza wanachonionyesha ni jedwali. Mistari elfu kadhaa: jina la volyumu, yaani diski kama kompyuta inavyoiona, anwani, kundi la hifadhi, nafasi iliyobaki. Limepangwa vizuri, lina rangi. Ninauliza swali moja: volyumu hii ikiondoka sasa hivi, analia nani? Wanatazamana.

Kisa changu mnakijua, ila wageni wapo. Kuna mahali, sipataji, diski moja ilikufa usiku ndani ya kabati la hifadhi. Si habari. Ilikuwa kwenye safu ya RAID 5, kundi la diski zinazolindana, linalovumilia kifo cha diski moja, na diski ya akiba ikaanza kujazwa papo hapo. Mkuu wa zamu akauliza swali la mtu mwenye akili: ikifa ya pili kabla hii haijamaliza kujazwa, tunapoteza nini?

Jamani, lile swali! Mtu wa kabati anajua safu na bwawa la nafasi lililokaa juu ya safu hizo, lakini volyumu zake yeye anaziita kwa namba za ndani ya kabati. Mtu wa z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, anajua majina ya herufi sita na anwani za tarakimu nne. Mtu wa hifadhidata anajua dataseti zake, yaani mafaili ya meinfremu, na hajawahi kuuliza zinalala wapi, maana SMS, sehemu ya z/OS inayopanga mahali pa kuweka data, humchagulia. Watu watatu, lahaja tatu. Wakaanza kutafsiriana: huyu anasoma namba, yule anaitafuta kwenye jedwali, wa tatu anaandika kwenye karatasi. Saa nne nzima. Diski ikamaliza kujazwa wao wakiwa bado nusu ya karatasi. Mashine imepona, na ndugu zake bado wanaulizana inaumwa wapi.

Jibu lilipopatikana, hakuna aliyecheka. Logi za Db2, yaani kumbukumbu za kila badiliko kwenye hifadhidata hiyo, zilikuwa na nakala mbili, kama inavyotakiwa. Volyumu tofauti, hata vidhibiti vinavyozisimamia tofauti. Kwenye jedwali zimeachana mistari mia kadhaa. Chini kabisa, bwawa moja. Na safu moja ikienda, kila volyumu yenye kipande chake humo inakwenda nayo. Umewalaza watoto vyumba viwili ukasema moto hautawapata wote, na nyumba ni ileile.

Msitafute wa kumlaumu. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikaa katikati yao, na katikati hakuna jedwali la mtu.

Mnaelewa kwa nini zamani hatukuhitaji picha hizi? Diski za IBM 3390 zilipotoka mwaka 1989, jina la volyumu lilikuwa la kitu unachoweza kukigusa. Leo bado tunahesabu vilevile: modeli ya 3 ina silinda 3,339, kila silinda traki 15, kila traki baiti 56,664, jumla kama gigabaiti 2.8. Lakini diski hiyo haipo! Kabati linaiigiza juu ya diski za kawaida au flashi. Tunahesabu silinda za kitu ambacho hakizunguki. Kila jina kwenye orodha yako limeegemea vitu ambavyo orodha haina safuwima yake.

Najua mnachotaka kusema: tukichora yote tutapata utando wa buibui. Ni kweli, na nimeuona umechapishwa ukajaza ukuta mzima. Pambo zuri. Sisemi mchore yote. Chora kutoka kwenye swali. Shika dataseti moja ushuke: katalogi inayosema dataseti iko wapi, volyumu, kidhibiti, bwawa, safu. Au shika safu moja upande juu. Asiyehusika asiingie kwenye picha. Na mistari isifanane: "inakaa juu ya" si "inanakiliwa kwenda", na "inapitia" ni jambo la tatu. Picha yenye mistari ya aina moja ni jedwali lililovaa nguo mpya.

Data tutatoa wapi? Mnayo! DCOLLECT, amri ya z/OS ya kukusanya taarifa za hifadhi, inakupa dataseti na volyumu, faili la usanidi linakupa vifaa, vidhibiti na chaneli, yaani njia za data kati ya kompyuta na kabati, kabati linakupa yaliyobaki. Kazi iko kwenye kuziunganisha, na hapo wengi wanaanguka: wanatumia jina la volyumu kama ufunguo. Volyumu ikiakisiwa kwenda kabati la pili, nakala inabeba lebo ileile, herufi sita zilezile. Picha yako itawachora pacha wawili kama mtu mmoja, nawe utaamini huna nakala, au mbaya zaidi, utaamini nakala iko pale ilipo ya kwanza. Ufunguo ni namba ya kabati pamoja na namba ya volyumu ndani ya kabati. Jina ni la kusomwa na watu.

Chaneli, haraka: kifaa kinaweza kuwa na njia nane, na zote nane zikapita kwenye swichi moja ya FICON, aina ya chaneli za nyuzi za mwanga. Jedwali litakuandikia "8" ulale. Chora.

Kuhamisha dataseti kwenda ngazi za chini na tepu, nilikuwa na picha tano. Mratibu ananionyesha saa, basi nazifunga. Maswali karibuni. Ila anayetaka kuniambia jedwali lake linatosha, kwanza anitajie, bila kumpigia mtu simu, nakala mbili za logi zake ziko bwawa gani.