Mashine Ikifa, Mshirika Yuko Wapi?

Walimu wangu, na nyinyi wanafunzi wa udaktari, asanteni kwa kunialika. Mada ni ushirikiano wa kimataifa katika tiba ya saratani. Sitazunguka dunia nzima. Twendeni Hospitali ya Mulago, Kampala.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ililetewa watoto wenye uvimbe wa taya, saratani ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Wakapewa dawa, na baadhi yao wakapona kabisa. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, Wamarekani wakaondoka. Taasisi haikufungwa. Charles Olweny, Mganda, alikuwa ameshaiva kikazi pale pale, akaishika.

Sasa mashine. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, ya tangu 1995 na pekee ya tiba ya mionzi nchini, ilikufa. Kobalti, madini yanayotoa mionzi ndani ya mashine hiyo, hata ikitunzwa vipi, nguvu zake hupungua kwa nusu kila miaka mitano na ushee. Mgonjwa aliyechomwa mionzi kwa dakika mbili atahitaji nne, na foleni inarefuka kila mwaka kabla hata kipuri hakijavunjika. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure. Jambo jema, lakini mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anayetoka damu, na ana watoto nyumbani, mnampeleka Nairobi wiki ngapi? Mashine mpya, iliyolipiwa na serikali pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilizinduliwa Januari 2018.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na ushirikiano wa namna nyingine. Kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle kilikuwa kikiwasomesha madaktari wa Uganda ubingwa wa saratani, nao wakarudi kazini Kampala. Jengo la pamoja lilifunguliwa 2015, na ndilo linalopigwa picha. Mimi nawahesabu zaidi hao madaktari.

Baadhi yenu mtaishia wizarani. Mkiletewa mkataba wa msaada, msianze na bei ya mashine. Tafuteni ukurasa unaosema nani atalipia kobalti mpya mwaka wa sita, na fundi wa kuitengeneza anasomeshwa wapi. Ukurasa huo ukikosekana, kalamu iwekeni chini kwanza.

Haya, maswali.