Ndege wa Kihamba: Tunahesabu Nini, Tunabakiza Nini

Ndugu maafisa ugani, ndugu wakulima, na ninyi wanafunzi mliofika, karibuni.

Kihamba cha Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni shamba la ghorofa. Juu imesimama mringaringa, mfuruanje na mikuyu, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ndege nao wamegawana ghorofa hizo. Kurumbiza anapekua majani makavu shinani, shore anashinda kwenye kahawa, chozi ananing'inia kwenye ua la mgomba akifyonza nekta, na hondohondo yuko juu kwenye tini.

Tuanze na kuhesabu, maana hapo ndipo makosa mengi huanzia. Chagua vituo vyako mapema, kimoja na kingine viachane mita 200, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Anza jua linapochomoza na umalize kabla ya saa nne asubuhi. Ukifika kituoni, tulia dakika mbili ndege wakuzoee, kisha hesabu kwa dakika 10 kila unayemwona au kumsikia ndani ya mita 50. Anayepita juu bila kutua, mwandike pembeni. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma sana, ahirisha.

Sasa angalieni tatizo. Kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa, jicho linafika mita 50 bila taabu. Ndani ya kihamba, majani ya migomba yanakuzuia baada ya mita 10 tu. Asiyejua sauti atarudi na orodha fupi ya kihamba na orodha ndefu ya mahindi, halafu aandike ripoti kwamba mahindi yana ndege wengi zaidi. Kihamba huhesabiwa kwa masikio. Jifunzeni sauti 20 za ndege wa kawaida kabla ya kushika kalamu. Tena msihesabu msimu mmoja tu. Mbayuwayu wa Ulaya na wageni wengine wa kaskazini huwa kwetu takriban Oktoba hadi Aprili. Hesabu ya Julai haiwezi kuwaona.

Hata orodha ikiwa sahihi, idadi ya aina peke yake inapotosha. Ukikata miti ya kihamba, mwaka wa kwanza aina zinaweza hata kuongezeka, kwa sababu ndege wa mahali pa wazi wanaingia: yangeyange, tetere, kunguru. Wanaoondoka ni walewale ambao hawana pa kwenda. Kwa hiyo kila daftari liwe na safu ya chakula: wadudu, matunda, nekta, nafaka, nyama. Safu ya matunda au ya wadudu ikianza kupungua, shamba limepoteza kitu, hata jumla ikibaki ileile.

Safu ya wadudu inamgusa mkulima mfukoni. Katika utafiti wa kahawa ya Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2014, baadhi ya mibuni ilifungiwa ndani ya neti ili ndege na popo wasiifikie. Mibuni iliyoachwa wazi kwao ilishika matunda zaidi, kwa takriban asilimia 9. Basi msimpige manati kila mnana. Yupo mnana wa nyanda za juu, kwa jina la kigeni baglafecht, anayetembea na mwenzake wawili wawili na kula wadudu kuliko nafaka. Huyo ni kibarua wenu asiyelipwa.

Bundi naye anauawa bure, na mara nyingi kwa mkono usiokusudia. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda haimuui panya siku hiyohiyo. Kwa siku kadhaa anazurura amelegea, na ndiye rahisi kukamatwa. Bundi anammeza na sumu yake. Kwa hiyo okoteni mizoga kila asubuhi na kuifukia. Bora zaidi, mtundikieni sanduku la kutagia: sakafu ya sentimita 40 kwa 60, tundu la 13 kwa 13, na kizingiti cha tundu kiwe sentimita 45 juu ya sakafu. Masanduku mengi hutengenezwa na tundu la chini, makinda wakaanguka kabla hawajajua kuruka. Litundikwe mita 3 au zaidi kutoka ardhini.

Nimalizie na mti mkuu. Hondohondo mweusi mwenye mashavu ya rangi ya fedha hutaga kwenye tundu la mti mnene. Dume humeza udongo na kumletea jike vidonge vya tope, naye jike huziba mlango kutoka ndani mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo. Anakaa humo zaidi ya miezi mitatu akilishwa na dume, matunda kwa wingi. Mgrevilea, ule mti wa kivuli wa kigeni, ukiwa na miaka 15 una maua mazuri kwa chozi, lakini shina lake halina tundu la kumtosha ndege wa zaidi ya kilo moja. Kwa hiyo mringaringa mzee usikatwe kabla ya kupanda mwingine karibu yake na kuukuza. Na tawi nene lililokauka, kama haliko juu ya nyumba wala njia, lisigeuzwe kuni: kigotagota atalitoboa mwaka huu, na kuzi ataurithi mlango huo mwakani.

Nakaribisha maswali, na walioleta daftari za kuhesabia tuanze na za kwao.