Masinki ya Glasgow, na wale wanaosema filamu imepoa

Haya jamani tuendelee, mliosimama nyuma huku mbele viti vipo. Tuongelee That Sinking Feeling, filamu ya kwanza ndefu ya mwongozaji Bill Forsyth, 1979, ile ya vijana wa Glasgow kule Scotland wasio na ajira, kutwa wako bustanini mvua inawanyeshea, hela hawana, mishe hawana, mpaka mmoja wao anaitwa Ronnie anapata wazo la kwenda kuiba masinki kwenye ghala, yale ya jikoni ya stenlesi. Ndio, masinki! Dhahabu hamna, almasi hamna.

Sasa lawama ninayokutana nayo sana ni kwamba imepoa. Wizi wenyewe hauna presha, mlinzi anazugwa na vijana waliovaa kike, mtu unakaa unasubiri moyo uende mbio na wala hauendi. Mi nakubali hauendi, ila nauliza nani kakuahidi mbio? Hawa ni watu wa kijiweni, wana muda mwingi kuliko kitu kingine chochote, na Ronnie anasimulia eti alijaribu kujiua kwa kujizamisha kwenye bakuli la konflesi na maziwa, unacheka halafu unajiuliza kwani nacheka nini. Uzito wa filamu uko hapo, wizi ni sababu tu ya kuwaweka marafiki pamoja usiku mmoja wakiwa na kazi ya kufanya.

Wengine wanamsifia Forsyth kwa kumfananisha na zile komedi za studio ya Ealing ya Uingereza, The Lavender Hill Mob ya 1951 na wenzake. Sifa nzuri lakini mi naona imekaa upande, kule mwigizaji Alec Guinness ni karani wa benki ana kazi yake, dhahabu anayoiba anaifahamu miaka na mpango kaupika polepole, hawa wa Glasgow wanabeba kilichopo halafu ndo wanaanza kuwaza nani atanunua.

Kinachonikera mimi ni kingine, wasichana hawapewi kitu cha maana. Na hapa watetezi wake wanakimbilia bajeti, eti pauni elfu chache tu, script ya Gregory's Girl, filamu yake iliyofuata, alishaiandika akakosa hela ndo akapiga hii kwanza na vijana wa Glasgow Youth Theatre. Sawa, picha kuwa na chengachenga hiyo ni bajeti, lakini kumwandikia msichana mistari mitatu ya maana inagharimu shilingi ngapi?

Halafu kuna walioiponda bila kuisikia vizuri, maana toleo la Marekani sauti zilirekodiwa upya kwa lafudhi laini, utani ukapoa kweli kweli. BFI, ile taasisi ya filamu ya Uingereza, waliitoa tena 2014 ikiwa na sauti za mwanzo, kwa hiyo mkiitafuta angalieni hiyo, na sabutaito muwashe tu msione aibu, lafudhi ya Glasgow hata Waingereza wenyewe inawatoa jasho. Haya, maswali, nani anaanza?