Kipindi cha Leo: Mama wa Sambaza na Shairi la Nyonga

FURAHA: Karibuni. Bahati, mimi nina hasira tangu Jumamosi.

BAHATI: Ile harusi ya Kadutu, Bukavu, yaya?

FURAHA: Ileile. Kijana kashika maikro, kamsomea bibi harusi shairi. Macho, shingo, meno, rangi ya ngozi. Sisi tunamjua binti yule! Kashona nguo za watu usiku, kasomesha wadogo zake. Ubeti hata mmoja juu ya hayo, hakuna.

BAHATI: Angesoma lile la Maya Angelou, mshairi wa Marekani, «Phenomenal Woman», katika kitabu chake cha 1978. Mwanamke anasema wazi kwamba hana umbo la wanamitindo, na warembo wenyewe wanabaki kujiuliza siri yake ni nini.

FURAHA: Na siri anaitaja! Upana wa nyonga, hatua zake, tabasamu. Nikifika kwenye zile hatua, namuona mama wa sambaza, yule anayeuza visamaki vya ziwa, anavyotoka ziwani, anapanda Kadutu...

BAHATI: Wasikilizaji, amefika kwa mama wa sambaza. Leo tena.

FURAHA: Wacha nimalize! Beseni kichwani, shingo wima, kikwembe kimefungwa kikafungika. Mvua imenyesha, njia ni matope, na hakuna mkono unaogusa beseni. Motari wa pikipiki anapiga honi, mama hageuki. Motari ndiye anayepisha.

BAHATI: Na akiitwa na mteja?

FURAHA: Anageuka mwili mzima, polepole, kama mtu mwenye nchi yake. Hapo bado hajataja bei.

BAHATI: Sawa, ila nyonga ni mwili, yaya. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alikwenda mbali zaidi. Unguja walimcheka: mtoto wa shamba, mfinyanzi, sura hana. Akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Na ni Siti huyohuyo aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mwaka ambao Angelou anazaliwa Marekani. Mwili kauacha nje kabisa.

FURAHA: Apana. Kwa nini mwanamke auache mwili wake nje? Kujiamini utakuona begani kabla mtu hajafungua mdomo.

BAHATI: Na mama anayeumwa, hatembei tena? Shairi lako la hatua linamwacha mlangoni.

FURAHA: Haliwezi. Kwenye ubeti wa mwisho Angelou anasema kichwa chake hakiinami. Hilo hata kitandani linawezekana.

BAHATI: Hicho ni kichwa. Mimi nauliza nyonga.

FURAHA: Na mimi nakujibu kwamba akili bila mwili hujaiona ikipanda Kadutu!

BAHATI: Sikubali.

FURAHA: Usikubali. Mimi pia sikubali.

BAHATI: Fundi wetu anaonyesha saa. Tulikuwa na mambo matatu kwa anayetaka kumtungia mama yake shairi...

FURAHA: Yaache, muda hautoshi hata kwa moja. Aliyemtungia mama, shangazi au dada yake, atutumie kwa sauti. Tunataka kukusikia ukisoma.

BAHATI: Na ukitaja nyonga, taja na akili.

FURAHA: Taja unachokiona, mtoto wangu. Usimsikilize huyu.