Kitovu Ndani ya Kiberiti

Ndugu zangu wazazi, asanteni kwa kufika.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Jumatatu alfajiri. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa baba siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama alipewa 84. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesharudi kazini. Jumatatu iliyofuata kitovu kikadondoka, mama mkwe akakihifadhi ndani ya kiberiti kitupu. Jioni akanikabidhi nikione. Kilikuwa chepesi mno, na niliumia kwamba hata hilo nimesimuliwa.

Tumezoea kuambiwa wanaume wa Kiafrika hatuna moyo wa kulea. Sikubali. Chukueni Uswidi, nchi inayosifiwa kwa akina baba wanaosukuma vigari vya watoto. Mwaka 1974 ilikuwa ya kwanza duniani kugeuza likizo ya mama kuwa likizo ya wazazi wote wawili, wagawane wapendavyo. Katika kila siku 200 zilizochukuliwa mwaka ule, akina baba walichukua 1! Serikali ikatoa bango la mnyanyua vyuma Lennart Dahlgren, pande la mtu, amempakata mtoto mchanga. Watu walilipenda, lakini wanaume waliendelea kwenda kazini.

Kilichowatikisa ni sheria ya 1995. Kila mzazi alitengewa mwezi 1 asioweza kumwachia mwenzake, usipouchukua, umepotea. Mwaka 2002 ikawa miezi 2, na 2016 zikafika siku 90. Malipo ni karibu asilimia 80 ya mshahara, hadi kiwango fulani, na yanatoka kwenye bima ya jamii, si kwa mwajiri. Siku za kugawana, bosi anakuuliza, "Kwani mkeo hayupo?" Na nyumbani mnapiga hesabu, mwenye mshahara mkubwa anabaki kazini, ambaye mara nyingi ni baba. Siku zikiwa zako peke yako, swali la bosi halina pa kushika. Leo akina baba wa Uswidi huchukua karibu siku 30 katika kila 100.

Japani nayo ilikuwa na sheria nzuri, lakini mwaka 2012 hawakufika wanaume 2 katika 100 walioitumia. Waliogopa kuonekana wasaliti kazini. Tangu 2022 mwajiri analazimika kumwuliza kila mfanyakazi anayetarajia mtoto kama atachukua likizo. Mwaka uliofuata walifika 30 katika 100.

Kenya ilimpa baba wiki 2 katika sheria yake ya 2007, na sisi tuzidai. Ila wengi wetu hapa hatuna mwajiri. Kijana wa bodaboda asipoingia barabarani, mwenye pikipiki bado anataka hesabu yake ya siku. Huyu hata apewe miezi 6 na sheria, haimgusi.

Kwenye msiba, kijiwe kinachangishana ndani ya saa moja. Kwa nini mtoto akizaliwa tunaishia kutuma hongera? Wenzake 20 wakitoa shilingi 500 kila mmoja, ni 10,000 kwa siku, hesabu imelipwa naye yuko nyumbani anambeba mwanawe. Viongozi wa vijiwe mliopo, msiondoke. Nimekuja na daftari, tuandikishane.