Vile unatambua kuvu ya kikombe kwenye tawi la msonobari

Haya jamani, karibuni tena, leo tunaangalia ile kuvu ndogo ya kikombe inayomea kwenye matawi ya msonobari, ile ukiipita haraka wadhani ni chokaa imedondoka.

Kabla ya kuvu, mti. Na hapa Mombasa ndipo wengi tunapoanguka, mimi wa kwanza, nilishawahi kuokota matawi ufuoni Nyali nikayaandika msonobari kumbe ni mvinje. Basi chukua kile kinachofanana na sindano ukivute polepole. Kikiachana kwenye pingili na waweza kukichomeka tena, ule mchezo wa watoto, huo ni mvinje na wala si jamaa wa msonobari. Sindano za msonobari ni majani hasa, hutoka kwa vifungu, mara nyingi mbili, tatu ama tano, chini zimeshikana pamoja.

Haya, tawi unalo. Tafuta lililokufa ila gome bado lipo. Vikombe vyenyewe ni vidogo, milimita moja hadi tatu hivi, na vikikauka vyajifumba, huoni ila nukta nyeupe. Usitupe! Dondosha tone la maji, ngoja dakika kama kumi. Sogeza simu karibu... mwaona? Chafunguka taratibu kama finjani ya kahawa tungu, ndani rangi ya chungwa, nje manyoya meupe yamekizunguka mpaka ukingoni. Mimi hapa naweza kukaa nusu saa nikitazama tu, mke wangu ashazoea.

Hayo manyoya ndiyo ya kushika. Yakiwepo, meupe, na kikombe kiko kwenye gome, anza kufikiria Lachnellula, ndilo jina la kitaalamu la jenasi ya kuvu hizi za kikombe zenye manyoya. Kama hakuna manyoya, rangi ya chungwa vilevile, lakini kimekalia utomvu ulioganda, hiyo yaelekea ni kuvu nyingine, Sarea resinae, na hizi mbili kwenye picha ya simu watu wazichanganya sana.

Ndio maana hadubini yahitajika. Chukua wembe mpya, si ule wa kunyolea, kata kipande chembamba kabisa, weka kwenye slaidi na tone la maji, funika, gandamiza kidogo, panda mpaka mara 400. Utaona vifuko virefu virefu. Lachnellula kila kifuko kina spora nane, yaani chembe za uzazi za kuvu, wahesabu. Sarea kifuko kimejaa spora za duara ndogondogo mno hata kuhesabu huwezi, hapo ubishi kwisha.

Kupata jina kamili la Lachnellula ni kazi nyingine, pima spora kumi au zaidi, na lazima uwe na uhakika wa mti kwa sababu nyingine zina mti wao, kama Lachnellula willkommii, hiyo huko Ulaya huleta kidonda kwenye gome la lachi, mti mwingine wenye majani kama sindano, si msonobari.

Ya mwisho, kuhifadhi. Usifunge kwa plastiki, kwa joto letu hili asubuhi utakuta ukungu mtupu. Kausha juu ya gazeti karibu na feni, kisha tia kwenye boksi la kiberiti, juu uandike mti, mahali na tarehe. Langu la Nyali bado ninalo, neno msonobari nimelikata kwa kalamu nyekundu.